Damu ya Ndugu na Herufi za Landsteiner

Sisi Wapwani twapenda kuulizana damu: fulani ni damu yetu, fulani si damu yetu. Wapo hata wanaotaka mgonjwa wao aongezwe damu ya jamaa tu. Lakini hospitali nasaba hukaa kando, herufi ndiyo huamua. Aliyezigundua herufi hizo ni Karl Landsteiner, na wengi wetu hata jina lake hatulijui.

Alizaliwa karibu na Vienna, Austria, tarehe 14 Juni 1868. Babake, mwandishi wa magazeti, alifariki mtoto akiwa na miaka 6, akalelewa na mamake. Mwaka 1891 akahitimu udaktari, ila moyo wake ulikuwa maabara.

Zama hizo kumtia mtu damu ya mwenziwe ilikuwa kubahatisha. Mmoja apona, mwengine afa, na sababu haijulikani. Landsteiner akachukua damu yake mwenyewe na ya wenzake kazini, akatenga chembe nyekundu na yale maji yake, kisha akachanganya maji ya huyu na chembe za yule. Kwengine zilitulia, kwengine zikashikamana madongedonge. Mwaka 1901 akatangaza makundi matatu: A, B na hili tuliitalo leo O. La nne, AB, lilionekana na wenzake mwaka uliofuata.

Mwenye A ana alama ya A juu ya chembe zake, na maji ya damu yake huzishambulia chembe zenye B. Mwenye B ni kinyume chake. Mwenye O hana alama hizo mbili, ndiyo maana chembe zake hupokelewa na wengi. Basi ndugu wa tumbo moja waweza kukataana damu, na mgeni wa bara usiyemjua kwao mkalingana!

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia dhiki iliingia Vienna. Akahamia Uholanzi, kisha New York. Mwaka 1930 alipewa tuzo ya Nobel, na 1940, pamoja na Alexander Wiener, akatangaza alama ya Rh, ile chanya na hasi tunayoandikiwa kliniki. Mama aliye hasi akibeba mtoto chanya, mwili wake waweza kujenga kinga ikamdhuru mtoto wa mimba ijayo. Sindano ya kuzuia ipo. Enyi waume, kadi ya mkeo umeisoma?

Moyo ulimshika akiwa maabara, akafariki tarehe 26 Juni 1943, miaka 75. Siku aliyozaliwa, 14 Juni, ndiyo Siku ya Wachangia Damu Duniani.