Ahmad bin Na'aman, mjumbe aliyekwenda New York na manowari bila vita

Mtu akitaja manowari, wengi wetu tunawaza mizinga na moshi. Watu wa Zanzibar wana haki ya kuwaza hivyo, maana Agosti 27, 1896 manowari za Waingereza ziliipiga kasri ya Unguja, na kazi ikaisha kabla ya saa moja kutimia. Lakini miaka 56 nyuma yake, manowari ya kwetu ilikwenda nchi ya mbali na ikarudi na faida bila kumuua mtu. Aliyeiongoza ni Ahmad bin Na'aman Al-Kaabi, na leo nataka kumsimulia yeye.

Ahmad alizaliwa Basra katika miaka ya 1780. Akaingia katika utumishi wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, akawa katibu wake na mtu wa kutumwa katika mambo mazito. Kwa hiyo alikuwa mtu wa kalamu na hesabu, si mtu wa upanga, na nadhani ndiyo maana alichaguliwa.

Hebu tumtazame kwanza bwana wake. Sayyid Said alikuwa na merikebu nyingi za vita, lakini wakati wa amani hakuziacha zioze bandarini. Alizipakia bidhaa, akazituma na barua, na hata merikebu yenyewe aliweza kuitoa zawadi. Mwaka 1836 alimpa Mfalme William IV wa Uingereza manowari nzima, Liverpool, yenye mizinga 74. Wamarekani nao walikuja kwake kwa manowari. Mwaka 1833 mjumbe wao Edmund Roberts alifika Muscat na meli ya jeshi lao iitwayo Peacock, wakatiliana saini mkataba wa urafiki na biashara. Ushuru wa bidhaa zao ukawekwa asilimia 5, na mwaka 1837 balozi wao mdogo, Richard Waters, akafungua ofisi Unguja.

Sasa ikabaki zamu yetu kwenda kwao.

Merikebu iliyochaguliwa ni Sultanah, iliyoundwa Bombay mwaka 1833, yenye mizinga 14. Ilipakia tende, mazulia ya Kiajemi na kahawa ya Mokha. Ilipopita Unguja ikaongeza pembe za ndovu, karafuu, sandarusi na ngozi. Februari 1840, wakati wa kaskazi, iling'oa nanga. Mfereji wa Suez haukuwapo, kwa hiyo ilibidi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuikata Atlantiki. Rubani alikuwa Mwingereza, William Sleeman, na sifa yake iliyobaki ni ulevi. Pamoja na hayo, Aprili 30 wakatia nanga New York.

Mji ukafurika bandarini kuwaangalia mabaharia wenye vilemba. Halmashauri ya mji ikampokea Ahmad kwa heshima, wakamtembeza na kumwonyesha mji wao. Mchoraji Edward Mooney akamchora picha, na picha hiyo ipo mpaka leo katika jumba la makumbusho la Salem, Massachusetts.

Lakini msidhani mambo yote yalikwenda kama maji. Ahmad alikuja na zawadi za Rais Martin Van Buren: farasi wawili wa Kiarabu, lulu, shali, marashi ya waridi na upanga. Kumbe katiba yao inamkataza kiongozi kupokea zawadi ya mfalme bila ridhaa ya Bunge. Kwetu zawadi kurudishwa ni aibu kubwa, ni kama kumfungia mgeni mlango. Pangeweza kuingia kinyongo hapo na mkataba ukadhoofika. Wamarekani wakatafuta njia: Bunge likaruhusu vitu vipokewe kwa niaba ya nchi, si ya mtu, na farasi wakauzwa. Heshima ya kila upande ikabaki.

Kisha merikebu yenyewe ilikuwa imechoka kwa mawimbi. Wanamaji wa Marekani waliipeleka kwenye karakana yao ya Brooklyn, wakaitengeneza kwa gharama zao. Manowari ya nchi moja ikatengenezwa na wanamaji wa nchi nyingine, bila vita wala malipo! Muda huo Ahmad alikuwa akiuza shehena na kununua bidhaa za kurudi nazo, pamoja na nguo za pamba. Agosti 9 aliondoka, na Desemba akawa Unguja.

Darasani nilikuwa nikiwauliza wanafunzi: neno merikani, ile nguo nzito ya pamba, limetoka wapi? Wachache walijua. Nguo hiyo iliingia bara mpaka Tabora na Ujiji, ikawa kama fedha ya kununulia vitu. Hiyo ndiyo biashara ambayo safari kama ya Sultanah iliipalilia.

Na kwa haki niseme jambo jingine, maana historia ya kusifu tu si historia. Karafuu zilizopakiwa zilichumwa na watumwa, na pembe nyingi zilishushwa pwani juu ya mabega ya watu ambao wengine hawakuwa na hiari. Jina la Ahmad limebaki, picha yake imebaki. Wao hawakuchorwa na mtu.

Ahmad aliendelea kuutumikia utawala kwa miaka mingi, akafariki mwaka 1869, mwaka uleule Mfereji wa Suez ulipofunguliwa. Na mwaka 1986 meli ya matanga Shabab Oman, ya Jeshi la Wanamaji la Oman, ilifika New York kwenye sherehe za miaka 100 ya Sanamu ya Uhuru. Bandari ni ileile aliyotia nanga Ahmad.

Nyinyi mlioko Muscat, Dubai au Doha, watoto wenu wanaziona manowari bandarini kila siku. Wakiuliza zinafanya nini hapo na vita hakuna, waanzieni na habari ya karani huyu.