Hassan Fathy: Msomi Aliyekwenda Kujifunza kwa Mafundi

Hassan Fathy alizaliwa Alexandria, Misri, mwaka 1900, katika familia yenye uwezo. Mwaka 1926 alihitimu usanifu majengo mjini Kairo. Angeweza kabisa kutulia mjini akichora majumba ya matajiri, maisha yakaenda. Lakini hali ya makazi ya wakulima ilimkera, akaamua kutafuta nyumba ndogo, ya bei nafuu, inayohimili jua la jangwani.

Udongo ulikuwepo tele. Shida ilikuwa paa. Vita Kuu ya Pili ilifanya mbao na chuma viwe adimu, na alipojaribu kuezeka kwa matao ya tofali za udongo, yakaporomoka. Ndugu yake akamwambia kwamba Wanubi wa kusini wanaijua kazi hiyo. Mwaka 1941 akafunga safari hadi Aswan.

Kumbe jibu lilikuwa huko siku zote! Mafundi wasio na cheti chochote walitengeneza tofali nyepesi zenye majani makavu mengi, wakaziegemeza kwenye ukuta wa nyuma, safu ikilalia safu, mpaka tao likajishika lenyewe bila ubao hata mmoja. Kuta zao nene huchelewesha joto la mchana kuingia ndani, na ua wa katikati hutunza hewa ya baridi ya usiku. Fathy hakuona aibu. Aliwachukua mafundi hao wakawe walimu wa wengine.

Mwaka 1945 serikali ikampa kazi kubwa: kujenga kijiji kipya karibu na Luxor kwa ajili ya watu wa Gourna, waliokuwa wakiishi juu ya makaburi ya kale. Akajenga msikiti, soko, shule, ukumbi wa maigizo na nyumba za udongo zenye kuba. Nyumba nzuri kweli. Lakini wengi walikataa kuhamia. Riziki yao ilitegemea watalii na vitu vya kale vya makaburini, na uamuzi wa kuwahamisha haukuwa wao. Baada ya miaka michache ujenzi ulisimama kijiji kikiwa hakijakamilika.

Fathy aliandika mkasa huo kwenye kitabu, na kilipochapishwa Chicago mwaka 1973 kikamfanya ajulikane duniani. Tuzo zikafuata mwaka 1980. Alifariki Kairo mwaka 1989.

Sasa sisi wa Elimu, tunaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha, tuchukue nini hapo? Aswan, Fathy alikwenda kama mwanafunzi na akarudi na jibu. Gourna, watu waliletewa jibu ambalo hawakuliomba, na udongo uleule, mafundi walewale, havikutosha kuwashawishi. Tukifika vijijini na maandalio yetu ya somo, tuanze kwa kuuliza wenyeji wanaishije na wanakula nini. Vinginevyo tutajenga vizuri, halafu hakuna atakayehamia.