Chemirocha: Mgeni Ambaye Hakufika Kericho

Wako watu husafiri umri wao wote, na majina yao yasivuke hata mto mmoja. Na yuko mwingine, amekwisha kulala kaburini, na jina lake lingali njiani. Wa namna hiyo ni Mmarekani mmoja ambaye Wakipsigis wa nchi ya majani chai, huko Kericho na Bomet, walimwita Chemirocha. Jina alilopewa na wazazi wake ni Jimmie Rodgers.

Alizaliwa Septemba 1897 karibu na mji wa Meridian, jimbo la Mississippi. Mama yake alifariki yeye angali mdogo, na baba yake alikuwa msimamizi wa mafundi wa reli. Kijana naye akaingia relini. Alianza kwa kuwachotea maji wafanyakazi, baadaye akawa mfunga breki wa magari ya moshi. Vibarua wengi walikuwa watu weusi, na kwao ndiko alikochuma nyimbo za kazi na za majonzi, na kujifunza gitaa. Majina ya walimu wake hao hayakuandikwa popote.

Mwaka 1924 alishikwa na kifua kikuu. Zama hizo, ndugu msomaji, hapakuwa na dawa ya kuuponya ugonjwa huo. Kazi ya reli ikamshinda, akabaki na gitaa. Agosti 1927 alifika Bristol, mji ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia, ambako kampuni ya Victor ilikuwa ikitafuta waimbaji. Akarekodi nyimbo 2. Novemba mwaka ule ule alirekodi tena mjini Camden, na mara hii jina lake likavuma nchi nzima. Watu walipenda mtindo wake wa kuirusha sauti: inatoka kifuani, nzito, mara inaruka juu na kuwa nyembamba kama filimbi, bila neno hata moja, kisha inarudi chini.

Sisi wa pwani twazikumbuka siku hizo kwa sababu nyingine. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay, naye akaitia sauti yake katika santuri. Ulimwengu ulikuwa umeanza kusikilizana.

Rodgers alipata fedha, akajenga nyumba Kerrville, Texas, mwaka 1929. Mwaka 1930 aliimba huku Louis Armstrong, bingwa wa tarumbeta, akimpigia. Lakini kifua hakikumpa nafasi. Mei 1933 alikwenda New York kurekodi, hali yake mbaya mno. Aliwekewa kitanda pale pale, akawa anaimba wimbo mmoja, analala, anainuka tena. Tarehe 26 Mei alifariki hotelini. Umri wake ulikuwa miaka 35. Maiti yake ilirudishwa Meridian kwa gari la moshi.

Basi huyu aliingiaje Kericho? Katika miaka ya 1920 makampuni ya Kiingereza yalianza kupanda chai katika vilima vile, na pamoja na wageni vikaja vitu vyao, kikiwamo kinanda cha santuri. Hakikuhitaji umeme: wazungusha mkono, sahani yageuka, mtu asiyekuwapo aimba. Wakipsigis waliosikia sauti ile ikirukaruka waliuliza ni ya nani. Jina wakalifinyanga kwa ulimi wao: Jimmie Rodgers akawa Chemirocha. Lilikaa vyema kinywani, maana kwao kuna akina Chepkoech na akina Cheptoo, ingawa majina hayo ni ya wanawake.

Mwaka 1950 alifika Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa wenyeji. Huko Kapkatet alimkuta Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake wakimwimba Chemirocha kwa sauti laini, na kinanda cha nyuzi cha Kikipsigis kikiwafuata. Na Chemirocha wao hakuwa mfunga breki wa Mississippi. Alikuwa nusu mtu, nusu paa! Wasichana walimhimiza acheze kwa kuruka, aruke mpaka nguo zimvuke. Wala tusiwacheke. Picha yake hawakuiona. Walichopewa ni sauti tu, na sauti yenyewe ilikuwa na miguu ya paa.

Rodgers alikuwa amekufa miaka 17. Hakujua kama kuna mahali paitwapo Kapkatet, wala kwamba mtu aliyeishiwa na pumzi kitandani amekuwa huko kiumbe kisichochoka kuruka.

Rekodi za Tracey zilihifadhiwa Afrika Kusini, na wimbo wa Chemirocha ukasikilizwa na watu wa nchi za mbali ambao hawakupata kuiona Kericho. Wenye wimbo walingoja. Mwaka 2014 ndipo sauti ziliporudishwa nyumbani, wenyeji wakawasikia watu wao wa zamani.

Tazama basi mzunguko wake. Vibarua weusi walimfundisha kijana wa reli. Santuri ikamleta Afrika. Wasichana wa Kapkatet wakamvisha mwili mpya. Naye mgeni akawachukua wao akaenda nao duniani. Kila mkono uliongeza kitu, na mikono mingi haikuandikwa jina. Anayeusikiliza wimbo ule leo na awakumbuke hao pia.