Ibn al-Haytham: Msomi aliyejifanya mwendawazimu, na darubini ya Mbwawa

Wiki chache zilizopita nilialikwa na jamaa zangu wa Mbwawa, kule Kibaha, nikaitazame darubini waliyoletewa na ndugu yao aliyeko Uarabuni. Ni ya kioo, pana sentimita 15, fupi na nene kama mtungi. Waliipania hasa kwa ajili ya mwandamo wa mwezi, maana kila mwaka Shaaban ikifika ukingoni twajua wenyewe yanayotokea. Baada ya swala ya Isha tukaitoa uwanjani, nyuma ya mikorosho, mbali na taa, tukailekeza kwenye nyota za kusini.

Katikati nyota zilikuwa nukta safi. Pembeni kila nyota ilikuwa imeota mkia, kana kwamba mtu ameipitishia kidole ikiwa mbichi. Wazee wakahukumu papo hapo kuwa ndugu yao ameuziwa kimeo. Kijana mmoja mwenye hamaki alisema irudishwe, mwingine akasema inunuliwe lenzi ya jicho ya bei kubwa. Mimi nikaomba wanipe muda, kwa sababu nilikumbuka mtu mmoja aliyefariki dunia karibu miaka elfu iliyopita, ambaye ugomvi ule wa Mbwawa ungemfurahisha sana.

Mtu huyo si mwingine bali ni Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, ambaye Wazungu humwita Alhazen. Jina lake tunalo kwenye mabango ya shule zetu za Kiislamu na tunalitaja kila tunapotaka kujisifu. Lakini ni wangapi kati yetu wanajua alifanya nini? Wapo wanaosema jukwaani kuwa yeye ndiye aliyebuni darubini. Hilo si kweli, na kumzulia marehemu ni dhulma hata kama tunamzulia mema. Darubini ilitokea Uholanzi mwaka 1608, wakati yeye amekwisha kaa kaburini zaidi ya karne tano. Alichokifanya ni kikubwa kuliko hicho, na ndicho kilichokuwa kinatusumbua pale uwanjani.

Alizaliwa Basra, Iraq, mwaka 354 Hijria, sawa na 965 Miladia. Alisoma hisabati, falsafa na elimu ya nyota, na inasimuliwa kuwa alipewa kazi ya serikali huko kwao ikamchosha. Wakati huo Misri ilikuwa chini ya Mafatimiya, na mtawala wao al-Hakim, aliyeshika madaraka mwaka 996, alikuwa mtu wa ajabu. Alijenga Nyumba ya Elimu mjini Cairo mwaka 1005, na mkono huohuo ukawa unatia saini za kuwaua mawaziri wake. Sasa huko Basra, Ibn al-Haytham akasikika akisema kwamba angekuwa Misri angeweza kuudhibiti mto Nile, usifurike kupita kiasi wala usipungue hadi watu wakafa njaa. Maneno hayo yakamfikia al-Hakim, akamwita.

Wasimulizi wa zamani kama al-Qifti na Ibn Abi Usaybia wanaeleza kuwa mtawala mwenyewe alitoka nje ya mji kumpokea. Akapewa mafundi na masurufu, wakapanda na mto kwenda kusini hadi mahali paitwapo al-Janadil, karibu na Aswan, penye maporomoko. Njiani aliyaona mahekalu na majengo ya Wamisri wa kale, yamejengwa kwa vipimo visivyo na kasoro. Hapo moyo ukamwambia kwamba watu wenye elimu ya kiasi kile, kama jambo hilo lingewezekana kwa nyenzo za zama zao, wangekuwa wamelifanya. Akaukagua mto, akaona kweli haiwezekani. Akarudi Cairo kumwambia mtu aliyezoea kukata vichwa kwamba amekosea.

Sisi wa huku juu tunaujua mto ule kwa upande mwingine. Maji ya Kagera yaingiayo Ziwa Viktoria hutokea Jinja, Uganda, yakaanza safari ya kuelekea Misri, ingawa mafuriko yenyewe ya kila mwaka sehemu kubwa yalitoka Ethiopia. Waingereza walimaliza bwawa lao la kwanza pale Aswan mwaka 1902, na lile kubwa likakamilika mwaka 1970, kwa saruji, chuma na mashine. Kwa hiyo fikra yake haikuwa ya kipuuzi. Iliwahi tu kwa karne tisa.

Al-Hakim hakumuua, alimpa cheo ofisini. Lakini Ibn al-Haytham alijua kuwa cheo kwa mtu yule ni kamba ya shingoni. Akajifanya mwendawazimu. Mali yake ikashikwa, yeye akafungiwa nyumbani chini ya uangalizi, na inasemekana alikaa hivyo mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Kuna riwaya nyingine inayosema alikimbilia Sham, nami siwezi kuapa juu ya yoyote kati ya hizo. Lakini wanahistoria wengi wanaiweka kazi yake kuu, Kitab al-Manazir, yenye juzuu saba, katika miaka hiyo hiyo ya takriban 1011 hadi 1021.

Kabla yake, wakubwa kama Euclid na Ptolemy walishikilia kuwa jicho hutoa miale ikaenda kukigusa kitu. Yeye akauliza, ikiwa jicho ndilo linalotoa, kwa nini ukilitazama jua linakuumiza, na ukifumba macho bado unaliona? Basi mwanga ndio unaoingia. Akafunga vyumba vikawa giza, akatoboa tundu, akapima. Kwa mtindo huo wa kutomwamini hata Ptolemy mpaka apime, aliandika pia kitabu kizima cha kumtilia shaka Ptolemy huyo. Na yeye mwenyewe hakusalimika na makosa. Alidhani sehemu ya jicho inayohisi mwanga ni ile lenzi yake, mpaka Kepler alipoonyesha mwaka 1604 kuwa picha inaangukia nyuma, kwenye retina.

Tuje kwenye vioo. Ukichukua kioo kilichobonyea kama kipande cha ndani ya mpira, yaani tufe, ukakielekeza juani, utadhani miale yote itakutana mahali pamoja. Haikutani. Ile ya ukingoni hukutana karibu zaidi na kioo, ile ya katikati hukutana mbali kidogo, kwa hiyo badala ya nukta unapata ukungu. Ibn al-Haytham aliandika risala moja juu ya vioo vya tufe na nyingine juu ya vioo vya parabola, akathibitisha kwa hisabati kuwa parabola huileta miale yote ya jua kwenye nukta moja. Haki itendeke: Myunani Diocles aliligusa jambo hilo kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, na Ibn Sahl wa Baghdad alilishughulikia kizazi kimoja kabla ya Ibn al-Haytham. Lakini ndugu yetu wa Basra alilifunga vizuri, akaeleza mpaka namna ya kukitengeneza kioo chenyewe. Newton alipotengeneza darubini yake ya kioo mwaka 1668 alitumia tufe, na ni John Hadley aliyeleta kioo cha parabola kinachofanya kazi vizuri mwaka 1721.

Na mkia wa nyota za Mbwawa je? Hapo ndipo penye utamu. Kioo cha kuunguzia huelekezwa juani moja kwa moja, kwa hiyo parabola ilimtosha. Lakini mwenye darubini hutazama pia nyota zilizo pembeni, ambazo mwanga wake huingia kwa mshazari, na kwa mwanga wa mshazari parabola si hodari. Huutandaza kama feni, kichwa kikielekea katikati na mkia ukielekea nje. Wataalamu huita kasoro hiyo koma, si ile ya kwenye sentensi, bali kutokana na neno la Kiyunani la nywele. Dawa iliyoondoa ugonjwa wa tufe imeacha ugonjwa wake yenyewe.

Ukali wake hutegemea ufupi wa darubini. Gawanya umbali wa fokasi, yaani pale miale inapokutana, kwa upana wa kioo. Ile ya Mbwawa ni milimita 600 kwa 150, jibu 4, nayo huandikwa f/4. Wenyewe huziita darubini za haraka, ingawa hazikimbii popote. Ni lugha ya wapiga picha, kwa kuwa picha huiva upesi. Katika f/8 eneo la katikati lisilo na koma ya kuonekana lina upana wa milimita 11 hivi pale kwenye fokasi. Katika f/4 ni milimita 1.4 tu. Kwa hiyo hakuna aliyetapeliwa. Wameletewa darubini fupi yenye tabia za darubini fupi.

Sasa kuhusu lenzi ya jicho, ile unayochungulia. Yule kijana wa lenzi ya bei kubwa alikuwa na nusu ya haki. Lenzi rahisi zinazokuja na darubini hizi zimezoea miale iliyosimama, zikipewa miale mipana ya f/4 huongeza kasoro yao wenyewe pembeni, iitwayo astigmatizimu. Utaitambua hivi: sogeza fokasi ndani na nje kidogo, nyota ikinyooka kama kijiti kisha kijiti kikageuka upande wa pili, hiyo ni ya lenzi. Ikibaki na mkia unaoelekea nje, hiyo ni koma, ni ya kioo, na lenzi ya thamani ya ng'ombe mzima haitaiondoa. Itaionyesha vizuri zaidi, kwa sababu imefuta ile nyingine iliyokuwa inaificha. Kinachoondoa koma ni kifaa kingine, kirekebisha koma, chenye lenzi zake, kinachotangulia mbele ya lenzi ya jicho.

Nikawashauri pia wasinunue lenzi ndefu kupita kiasi. Ukigawanya urefu wa lenzi kwa ile 4 unapata upana wa mwanga unaotoka kuingia jichoni. Lenzi ya milimita 32 inatoa milimita 8, na mboni ya kijana gizani hufunguka kama 7, ya mzee pengine 5. Kinachozidi kinamwagika nje ya jicho. Lenzi ya 25 waliyo nayo, inayokuza mara 24, inawatosha vijana, na ile ya 10 ikuzayo mara 60 inawafaa wazee wa kamati ya mwezi.

Lakini kabla ya kutoa hata shilingi, tuliangalia kama vioo viwili vya ndani vimenyooka. Havikuwa vimenyooka, safari ya ndege ilivihamisha. Tulihangaika na skrubu tatu za nyuma karibu saa nzima, tochi mdomoni. Katika f/4 kosa dogo hapo huihamisha ile nukta safi ya katikati ikaenda pembeni, na mtu akalaumu kiwanda. Tulipomaliza mikia ilibaki, ila sasa ilikuwa sawa kwa pande zote, na katikati palikuwa kama sindano. Mzee aliyekuwa wa kwanza kusema kimeo alichungulia kwa muda mrefu bila kusema kitu, kisha akakubali mbele ya vijana kuwa aliharakisha.

Baada ya al-Hakim, Ibn al-Haytham alirudisha akili zake hadharani, akaishi jirani na msikiti wa al-Azhar. Inasimuliwa kuwa kila mwaka alinakili vitabu vya Euclid na Almajisti ya Ptolemy, akauza kwa dinari 150, na hizo ndizo zilizomlisha mwaka mzima. Hakutaka tena cheo cha mtu. Vitabu na risala zinazohesabiwa kuwa zake hupita 90, mojawapo ikiwa juu ya mwanga wa mwezi. Alifariki Cairo takriban mwaka 430 Hijria, karibu na 1040. Kitabu chake cha macho kilifasiriwa kwa Kilatini, kikachapwa Basel mwaka 1572.

Jamaa wa Mbwawa wameniita tena mwezi ukiwa wa siku tatu au nne, baada ya Maghrib, ukiwa umelala kama ngalawa juu ya minazi. Tutaweka lenzi ya 10. Karibu na ukingo unaong'aa, jirani na lile doa la mviringo liitwalo Mare Crisium, kuna shimo lenye upana wa kilomita zipatazo 30 lililopewa jina la Alhazen. Tutaliweka katikati kabisa.