John Boyes, baharia aliyejiita mfalme

JOHN Boyes, mzaliwa wa Hull, Uingereza, mwaka wa 1874, alijifunza ubaharia tangu ujanani katika meli za uvuvi. Mwaka wa 1898 alifika Mombasa, akapanda bara kutafuta chakula cha kuwauzia wajenzi wa reli.

Katika milima ya Murang'a, ng'ambo ya Ruiru na Thika, alipokewa na Karuri wa Gakure, aliyehitaji bunduki dhidi ya mahasimu wake. Baadaye Boyes alijitangaza mfalme, cheo ambacho Wakikuyu hawakuwa nacho kamwe! Wao walimwita Karianjahi, mla njahi.

Waingereza walimkamata, wakamshtaki Mombasa, mahakama ikamwachilia. Alifariki mwaka wa 1951. Karuri, mwenye nchi, alifanywa chifu.