Fownes, mzee wa mabunka ya Oakmont

William Fownes hakuwa na huruma na mpira uliotoka njiani. Bingwa huyo wa ridhaa wa Marekani 1910 alisimamia kwa miaka mingi Oakmont, uwanja uliojengwa na baba yake, Henry, karibu na Pittsburgh mwaka 1903. Akiona mtu kapiga vibaya na hajaadhibiwa, basi, hapo linachimbwa bunka jipya. Mchanga wenyewe ulichanwa kwa reki nzito hadi ukawa na matuta. Mpira ukinasa katikati, unautoa tu, shimo sahau. US Open ya 1935, Sam Parks pekee alimaliza chini ya mipigo 300: alipiga 299. Wachezaji walilalamika kwamba bahati ndiyo inaamua, na hawakukosea sana. Alipofariki 1950, matuta bado yalikuwepo.