Charles Hamilton Houston

Charles Hamilton Houston (3 Septemba 1895 – 22 Aprili 1950) alikuwa mwanasheria na mwalimu wa sheria nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kuwafundisha mawakili weusi namna ya kuandaa kesi dhidi ya ubaguzi wa rangi.

Maisha

Alizaliwa mjini Washington, D.C., mtoto wa pekee wa wakili William Houston. Alihitimu katika Chuo cha Amherst mwaka 1915. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa afisa wa jeshi, akaona jinsi askari weusi walivyohukumiwa bila haki. Hapo aliamua kusoma sheria. Alisoma Harvard, ambako alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa mhariri wa jarida la sheria la chuo hicho.

Ualimu

Mwaka 1929 alikabidhiwa uongozi wa shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Howard. Aliifanya kuwa shule ya kutwa badala ya masomo ya jioni, na kusoma vitabu pekee hakukutosha. Wanafunzi walipelekwa mahakamani, gerezani na kwenye vituo vya polisi. Walifunzwa kutafuta ukweli wa jambo, kuhoji wateja na mashahidi, kukusanya ushahidi na kuandika hati zisizo na kasoro. Sababu ilikuwa wazi: wakili mweusi mbele ya hakimu mwenye chuki hakuweza kutegemea huruma. Kama ushahidi haukuingizwa kwenye kumbukumbu za kesi tangu mwanzo, hata mahakama ya rufaa isingeweza kumsaidia.

Thurgood Marshall alihitimu chini yake mwaka 1933.

Kesi

Houston alisafiri majimbo ya Kusini akipiga picha na filamu za shule za watoto weusi, ili zilinganishwe na shule za weupe. Mwaka 1935 alijiunga na NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, kama wakili. Mwaka huohuo yeye na Marshall walishinda kesi ya Donald Murray, aliyekataliwa na shule ya sheria ya Maryland. Mwaka 1938 Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa ushindi katika kesi ya Lloyd Gaines dhidi ya Missouri.

Urithi

Houston alifariki kwa ugonjwa wa moyo akiwa na umri wa miaka 54. Miaka 4 baadaye Mahakama Kuu ilikataza ubaguzi katika shule za umma, katika kesi ya Brown iliyoongozwa na Marshall. Mwaka 1960 Marshall aliwashauri pia wajumbe wa Kenya kuhusu katiba huko London.